Si mvivu: historia ya mikono na miguu ya mtoto mwenye usonji

SEHEMU YA 1

Mara ya mwisho niliandika kuhusu mtoto mwenye usonji na kuchelewa kuongea. Nikategemea maswali ya kuongea. Kumbe wengi wenu mna swali lingine kabisa: vifungo. Sweta. Zipu ya begi la shule. Mama mmoja ameuliza hivi: "Nesi, wangu ana miaka saba, anajua kusoma, anataja mabasi yote ya Moshi na Arusha kwa rangi zake, lakini kuvaa soksi ni vita. Anafanya makusudi?"

Hapana mama, hafanyi makusudi. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu lina miaka mia moja ndani yake na nitaligawa sehemu kadhaa, maana kuna kitu kilitokea kwenye historia ya usonji ambacho mpaka leo kinawafanya watoto wetu wachapwe kwa sababu ya mwandiko.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Chukua ugali. Mtoto anamega tonge, analiviringisha, analibonyeza kwa kidole gumba, anachovya mchuzi, anapeleka mdomoni bila kumwaga. Sisi tunaona ni kula tu. Kwa ubongo hiyo ni kazi ya hatua nyingi: kupanga, kutuma amri kwenye vidole, kupokea taarifa kutoka kwenye vidole (tonge ni laini, ni la moto, linateleza), kusahihisha, kuendelea. Kwa watoto wengi wenye usonji mnyororo huo hausogei kwa ulaini. Misuli inaweza kuwa mizima kabisa, na nguvu anazo, si umemuona anavyoruka kitandani? Shida iko kwenye kupanga na kupangilia mwendo.

Ndiyo maana unamuona anashika penseli kwa nguvu mpaka karatasi inatoboka. Anapanda ngazi kwa kuweka miguu yote miwili kila ngazi wakati wenzake wanakimbia. Anatembelea vidole. Kwenye rede anapigwa wa kwanza kila siku mpaka anaacha kucheza. Akiruka korongo wakati wa mvua anaangukia katikati. Na choo chetu cha kuchuchumaa, jamani, hiki hakisemwi lakini nakisema: kuchuchumaa bila kushika kitu, huku umeshika nguo isiguse chini, ni mtihani mkubwa wa mizani ya mwili. Watoto wengine wanaogopa choo kwa sababu hiyo, na sisi tunasema ana kiburi.

Si watoto wote wenye usonji wako hivi. Wapo wepesi kama paka. Ila wenye shida ni wengi kuliko unavyodhani, na nitawaletea namba.

SEHEMU YA 2

Mwaka 1925, Moscow. Daktari mwanamke anaitwa Grunya Sukhareva anachapisha maelezo ya wavulana 6 aliowaangalia kwa muda mrefu. Neno usonji halikuwa bado na maana tunayoijua leo, lakini ukisoma anachoeleza unawatambua watoto hao mara moja: wanapenda kuwa peke yao, wana mambo yao wanayoyashikilia, wanaongea kwa namna yao. Na katika orodha ya dalili zake, Sukhareva aliandika mwili. Mwendo mzito, mienendo isiyolingana, mikono inayofanya vitu visivyohitajika, uso usioonyesha mengi. Hakulitaja kama jambo la pembeni, kwake lilikuwa sehemu ya picha. Mwaka uliofuata makala yake ikatoka kwa Kijerumani. Kisha ikakaa kimya. Kwa Kiingereza imetafsiriwa mwaka 1996, yaani zaidi ya miaka 70 baadaye. (Mwanamke ameona wa kwanza, akasahauliwa wa kwanza. Tuendelee.)

Sasa nataka mkumbuke mwaka 1933. Mwaka huo walizaliwa wavulana wawili ambao hawakuwahi kuonana. Mmoja Austria, kwenye maandishi anaitwa Fritz. Mwingine Marekani, jimbo la Mississippi, Donald Triplett.

Fritz alipelekwa kliniki ya watoto Vienna kwa daktari Hans Asperger, ambaye alimwandika mwaka 1944 pamoja na wavulana wengine watatu. Alitembea akiwa na miezi 14, na kuongea aliongea mapema sana. Lakini kujihudumia, yale mambo ya kila siku ya nyumbani, alichelewa sana na kwa taabu kubwa. Kwenye mazoezi ya viungo alikuwa mzito na hakuweza kwenda na mdundo wa wenzake. Mama wa soksi, unamuona mwanao hapo?

Donald alipelekwa Baltimore, hospitali ya Johns Hopkins, kwa daktari Leo Kanner. Mwaka 1943 Kanner alichapisha habari za watoto 11, Donald akiwa wa kwanza kwenye orodha. Huyu Kanner ndiye aliyeshika masikio ya dunia, kwa hiyo mwangalieni vizuri aliandika nini kuhusu mwili. Aliandika mambo mawili.

La kwanza lilitoka kwa akina mama. Walimsimulia kwamba mtoto wao, tangu mchanga, ukienda kumnyanyua hajiandai. Mnajua mtoto wa miezi minne ukimnyooshea mikono anavyokaza mabega na kujiinua kidogo? Hawa hawakufanya hivyo. Kanner alilisoma jambo hilo kama dalili ya mtoto kutojali watu. Mimi kama nesi nalisoma pia kama habari ya mwili: kujiandaa kunyanyuliwa ni mwendo, na mwendo unapangwa.

La pili: alisema kadhaa kati yao wana mwendo mzito wa miguu na mwili, ila vidole vyao vyote ni vyepesi. Wanazungusha vitu, wanapanga vitu, hawakosei.

Sentensi hiyo ya pili ndiyo iliyosafiri. Picha ya mtoto mwenye usonji ikawa mtoto mzuri, mtulivu, mwenye vidole vya ajabu, anayezungusha kifuniko sakafuni. Mtoto anayemwaga uji hakuwemo kwenye picha.

SEHEMU YA 3

Kwa nini picha ya Kanner ilishinda? Sababu kubwa ni lugha na vita. Asperger aliandika Kijerumani, vita ikiendelea. Na kuna doa zito lazima nilitaje, maana mnakutana na jina lake kila mahali: mwaka 2018 wanahistoria Herwig Czech na Edith Sheffer walitoa ushahidi kwamba Asperger alishirikiana na utawala wa Nazi, na kwamba alishiriki kupeleka watoto Am Spiegelgrund, taasisi ya Vienna ambako watoto wenye ulemavu waliuawa. Macho yake yaliona vizuri na mikono yake ilifanya hayo. Yote mawili ni kweli.

Halafu ikaja miaka ya 1950 na 1960, miaka mibaya kwa mama yeyote mwenye mtoto wa hivi Ulaya na Marekani. Walisema mama ndiye sababu, eti hana joto la upendo. Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima mwaka 1967 kwa mwelekeo huo. Wakati wataalamu wanabishana kuhusu moyo wa mama, nani angeangalia mtoto anavyoshika kijiko?

Aliyerudisha jambo hili mezani ni mama. Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili Uingereza, alikuwa na binti mwenye usonji, na alikuwa miongoni mwa wazazi walioanzisha chama cha kwanza cha usonji nchini humo mwaka 1962. Mwaka 1981 alichapisha makala iliyomfufua Asperger kwa wasomaji wa Kiingereza, na ndani yake aliandika waziwazi kuhusu wepesi unaokosekana: mwendo, mwandiko, michezo. Sishangai kwamba ilimchukua mtu aliyewahi kumvalisha mtoto mwenye usonji asubuhi ya haraka.

Lakini subirini. Mwaka 1994 kitabu cha Wamarekani cha kutambua magonjwa ya akili, ambacho nchi nyingi zinakifuata, kiliweka sharti la ajabu. Kulikuwa tayari na utambuzi rasmi wa mtoto mwenye shida ya kupangilia mwendo. Kitabu kikasema: kama mtoto ana usonji, huo mwingine asipewe. Kwa hiyo mtoto asiye na usonji akishindwa kufunga vifungo alikuwa na jina la shida yake na njia ya kupata tiba. Mwenye usonji akishindwa vifungo vilevile, aliandikiwa usonji tu, na vifungo vikabaki havina mwenyewe. Sharti hilo lilidumu mpaka toleo la mwaka 2013. Miaka 19! Mtoto aliyezaliwa 1994 alikuwa ameshamaliza sekondari.

Sasa namba nilizoahidi.

Uingereza, utafiti uliochapishwa 2009: watoto 101 wenye usonji, umri wa miaka 10 hadi 14, walipimwa kwa vitendo, kudaka mpira, kusimama mguu mmoja, kupachika vitu vidogo. 79% walikuwa na shida ya wazi. Wengine 10% walikuwa mpakani.

Marekani, 2020: wazazi wa maelfu ya watoto wenye usonji walijaza dodoso. Karibu 87% ya watoto walionekana kuwa kwenye hatari ya kuwa na shida hii.

Australia Magharibi, 2020 pia, na hii ndiyo inayoniuma: watoto 2,084 wenye usonji, wote chini ya miaka 6. Kwa kipimo kilichojazwa, zaidi ya 35% walikuwa na shida ya mwendo. Wataalamu waliowapima watoto haohao, walipoulizwa kama mtoto ana shida hiyo, waliiandika kwa kama 1% tu. Yaani karatasi iko mezani, namba iko kwenye karatasi, na bado haikuandikwa.

Namba hazilingani kwa sababu umri haulingani na vipimo havilingani. Hilo lisikuchanganye. Hata ukichukua ile ndogo, ni zaidi ya mtoto mmoja kwa kila watatu. Na kama Australia wanaisahau hivyo, fikiria foleni ya kliniki zetu Jumatatu asubuhi.

SEHEMU YA 4

Hapa mtaniambia: nesi, hizo ni habari za wazungu. Haya, turudi nyumbani, na mimi sehemu hii ndiyo naipenda.

Mwaka 1957, daktari Mfaransa Marcelle Geber pamoja na mwenzake Dean, waliokuwa wakifanya kazi Kampala, walichapisha habari iliyoshangaza wengi: watoto wachanga wa pale walikuwa mbele kimwili kuliko watoto wa Ulaya. Shingo ngumu mapema, kukaa mapema. Ikaanza hadithi ya kwamba mtoto wa Kiafrika huwahi kwa damu. Mpaka leo bibi zetu wanaisema kwa namna yao: "Sisi watoto wetu hawachelewi."

Miaka ya 1970 Mmarekani Charles Super akaenda kukaa Kokwet, kijiji cha wakulima wa Kipsigis huko Kenya, akaangalia kwa makini zaidi. Ni kweli watoto walikaa na kutembea mapema kuliko wale wa Marekani. Lakini kutambaa, hawakuwahi. Kujigeuza, hawakuwahi. Sasa damu gani hiyo inayowahisha kukaa na kuacha kutambaa?

Jibu lilikuwa kwa akina mama. Mama wa Kokwet walikuwa wanafundisha kukaa, kwa makusudi, na walikuwa na neno lake. Mtoto anachimbiwa kishimo kidogo chini, anawekwa humo mgongo ukiwa umeegemea, au anazungushiwa mablanketi, kila siku muda kidogo. Baadaye anashikwa makwapa na kutembezwa. Kutambaa hakuna aliyekufundisha, kwa nini ufundishe, mtoto akatambae kwenye moto? Super alichapisha hayo mwaka 1976. Kilichofundishwa kiliwahi, kisichofundishwa hakikuwahi.

Naona mambo mawili hapo. Moja linatuumiza: kwa kuwa tunaamini mtoto wetu huwahi, anayechelewa anaonekana aibu, na mama anaulizwa alikula nini wakati wa mimba, au nani kamwangalia vibaya. Utafiti wa Joseph Gona na wenzake pwani ya Kenya, uliochapishwa 2015, ulikuta wazazi na wataalamu wakitaja mapepo na uchawi sambamba na sababu za kitabibu. Huku kwetu ni hivyohivyo, tusijifanye.

La pili linatusaidia: mwendo unafundishika, na bibi zetu walijua kuufundisha kidogo kidogo, kila siku, bila kelele. Mtoto mwenye usonji anahitaji kishimo chake nacho. Kitachukua muda mrefu zaidi, na hakitaondoa usonji wala hakilengi kuuondoa. Kinalenga sweta.

Na usonji wenyewe huku kwetu? Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha alichokiona alipozunguka miji 9 katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo, akiwatafuta watoto wenye usonji kati ya zaidi ya watoto 1,300 wenye ulemavu wa akili. Alipata wachache sana. Lakini alitafuta kwenye taasisi, na mtoto wetu wa miaka hiyo hakuwa kwenye taasisi, alikuwa nyuma ya nyumba.

Tanzania, mwaka 2006, Raymond Mankoski na wenzake wakiwemo madaktari wa hapa nchini walichapisha habari za watoto 20, ambao 14 walitimiza vigezo vya usonji. Kumi walikuwa hawaongei. Na watatu walikuwa wanakua vizuri kabisa mpaka walipougua malaria kali, homa ndefu na degedege. Walipopona, ndipo dalili zikaanza. Hii ni muhimu kwetu manesi. Malaria kali, mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, manjano kali ya uchanga: vyote hivi vinaweza kuacha shida ya mikono na miguu peke yake. Kwa hiyo mtoto mzito wa mwendo asibandikwe usonji kwa kuangaliwa tu, na mwenye usonji asiachwe bila kupimwa mwili eti kwa sababu jina limeshapatikana.

Mwaka 2008 Kilifi, Amina Abubakar na wenzake walitoa kipimo cha mwendo wa mwili na uratibu wa macho na mikono kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, kilichotengenezwa kwa mazingira ya pwani ya Kenya. Nawapa heshima yao. Kipimo cha kigeni kinaweza kumuomba mtoto afanye kitu na kifaa ambacho hajawahi kukiona, halafu kikasema hajui.

SEHEMU YA 5

Sasa mama wa soksi, na wengine mlio kimya.

Tuanze na umri. WHO mwaka 2006, kwa watoto wazima wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, walikuta kutembea peke yake kunaanzia karibu miezi 8 na karibu watoto wote wameshatembea kufikia miezi 18. Kukaa bila kushikwa, karibu wote kufikia miezi 9. Kutambaa wengine hawatambai kabisa na ni wazima. Kwa hiyo miezi 18 hajatembea, usingoje "atatembea tu, hata baba yake alichelewa". Njoo. Na njoo haraka zaidi, umri wowote, kama anatumia mkono mmoja tu na mwingine umelala, kama mwili ni mkavu au mlegevu sana, au kama alikuwa anaweza kitu na sasa hawezi tena.

Ukija, usiseme "mtoto wangu ana shida". Hilo tutaliandika usonji na kufunga faili, mmeona historia. Kadi ya kliniki tunaiangalia zaidi uzito na chanjo, kwa hiyo leta karatasi yako. Andika vitendo: hawezi kuvuta zipu, anaanguka ngazini mara nyingi, anamwaga kikombe, anaogopa choo, analia akiona daftari. Piga video fupi ya simu akivaa. Kisha omba kwa maneno haya: aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia na mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Huyu wa pili ndiye kazi yake hasa ni vifungo, vijiko na penseli. Si wengi nchini, lakini tuko karibu nao kuliko mikoa mingi: KCMC pale Moshi wapo na kuna chuo kinachowafundisha, na kuna kituo cha Gabriella hukohuko Kilimanjaro kinachohudumia watoto wa namna hii. Kwa hapa mjini anzia hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, uombe kuelekezwa.

Kwa mwalimu, nenda na hoja moja tu: apimwe alichojua, si alivyoandika. Ajibu kwa mdomo, au apewe maswali matano badala ya kumi. Mwambie wazi kwamba mwandiko huu hautengenezwi na fimbo. Chuo cha Patandi pale Tengeru kinafundisha walimu wa elimu maalum, kwa hiyo kwenye shule za huku kwetu unaweza kumpata mmoja aliyepita hapo. Mtafute kwanza huyo, hata kama si wa darasa la mwanao.

Na Donald? Wengi mngependa kujua. Alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, akacheza gofu karibu maisha yake yote kwa mtindo wake mwenyewe wa kupiga, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Nyumbani, fundisha kuanzia mwisho. Wataalamu wa tiba kwa vitendo wanaitumia sana hii. Sweta: wewe mvishe kichwa, mvishe mikono, shusha mpaka kifuani, halafu acha. Yeye avute chini tu. Anamaliza yeye, na sifa anapata yeye. Wiki hiyo kazi yake ni hiyo moja, kila asubuhi. Akiweza, wewe unaishia mkono wa pili, yeye anaendelea. Soksi vilevile: wewe mpaka kisigino, yeye avute juu. Fanya akiwa amekaa chini, mgongo ukutani, ili mwili usihangaike na kusimama na kuvaa kwa wakati mmoja. Amka dakika kumi mapema, maana haraka ndiyo inayotufanya tumvalishe kila kitu.

Sweta la msimu huu nunua la shingo pana, saizi moja juu, na shona uzi wa rangi mbele ndani ya ukosi ili ajue upande. Soksi zisizobana sana. Vifungo nimeviacha kwa makusudi, vinahitaji posti yao. Leteni picha za mashati ya shule za watoto wenu, nataka kuona ukubwa wa vifungo na matundu kabla sijaandika.